Swali la mpwa wangu halikuwa la kuchekwa

Juzi jioni mpwa wangu alirudi kutoka shule, hapahapa Mtwara, akakataa hata chai. Alikuwa ameuliza darasani kama mawimbi ya maikrowevu yanaweza kupoza kitu. Mwalimu akamjibu, "Ushawahi kuona friji ya maikrowevu?" Darasa zima likaangua kicheko. Naandika hasira ikiwa bado haijaniisha.

Maji huchemka kwenye maikrowevu kwa sababu molekuli yake ina upande chanya na upande hasi, na wimbi huisukasuka. Molekuli ya aina hiyo inaweza pia kutoa wimbi, na ikilitoa inapungukiwa nishati. Kupoa ndiko huko. Tatizo ni kwamba haina haraka: molekuli ya kalsiamu monofloridi inayozunguka peke yake katika utupu inaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kutoa fotoni moja, yaani chembe moja ya wimbi hilo.

Hapo ndipo kaviti, yaani kasha lenye uwazi ndani, inapohitajika. Nyuma ya nyumba tuna tangi tupu la plastiki, limelazwa. Nilimwambia aingize kichwa avume. Akapandisha sauti, akashusha, mpaka akaipata ile moja ambayo tangi zima liliiitikia na ukuta ukamtetemekea viganjani. Kasha la chuma lenye kipimo kinachooana na wimbi la molekuli huiitikia hivyohivyo, na fotoni hutoka upesi. Mwanafizikia Edward Purcell alilieleza jambo hilo mwaka 1946. Ila kuta ziwe baridi mno, maana zikiwa na joto zenyewe humwaga fotoni ndani na molekuli hupashwa upya. Metali ya niobiamu hufaa, chini ya Kelvini 9.2 (karibu nyuzi 264 chini ya sifuri) hupitisha umeme bila ukinzani. Kule Paris, mwanafizikia Serge Haroche alinasa fotoni kati ya vioo vyenye niobiamu kwa sekunde 0.13, muda unaoitosha kuizunguka dunia karibu mara moja. Akapata Nobeli mwaka 2012.

Nakubali, kutuliza mzunguko wa molekuli hakujatuliza mwendo wake wa kwenda huku na huko. Lazima mtego unaoishikilia upangwe ili molekuli ipande mlima wa nishati, itoe fotoni kileleni, ishukie mteremko mfupi zaidi. Kazi ngumu. Ugumu huo haumpi mtu ruhusa ya kumfanya mtoto achekwe mbele ya wenzake.

Na Likong'o, Lindi, tunasubiri mtambo wa kupoza gesi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Tunataka nani akausimamie?

"Mjomba, kwa hiyo sikukosea?"

Hukukosea, mama.

Asubuhi nilimkuta tena kwenye tangi. Amelisimamisha, amelijaza maji nusu, anaitafuta sauti yake mpya.