"Bei njoo inboksi": lawama zinazomwonea muuza dagaa wa Kigoma

Wanaofundisha wafanyabiashara wadogo kuuza mtandaoni wana sharti moja wasilolegeza: weka bei hadharani. Ukiandika "bei njoo inboksi", wanasema, umewafukuza wateja, umeua komenti na umejitia shaka. Kwa anayeuza viatu Kariakoo sina ubishi nao. Kwa mama anayeuza dagaa kutoka Kibirizi au Katonga, mialo ya Kigoma ambako wavuvi hushusha samaki, sharti hilo linamtaka aahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haziwavuti tena na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo bei ya mwaloni hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja bila muuzaji kuulizwa. Mvua ikinyesha mfululizo, dagaa hawakauki. Walioanikwa kwenye chanja hawalingani na walioanikwa mchangani, na mnunuzi wa Dar es Salaam aliyewahi kusaga mchanga kwa meno anaijua tofauti hiyo vizuri. Mmoja anataka kilo, mwingine sado, mwingine gunia zima la kwenda kuuza tena. Huyu mzigo wake unapanda treni, yule anataka basi. Namba moja chini ya picha haiwezi kuwajibu wote hawa, na muuzaji anayejua kazi yake hujaribu kwanza kumfahamu anayeuliza.

Kinachonisumbua zaidi ni bei iliyozeeka. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Chukua muuzaji aliyetii ushauri, akaposti picha na bei mwezi Aprili. Picha inabaki pale Instagram. Julai anakuja mtu ameiona, pengine ametumiwa na shoga yake bila hata tarehe, na ameshapiga hesabu ya mtaji wake kwa bei ile. Anaambiwa dagaa waliobaki ni wa stoo na bei yake ni nyingine. Mtu huyu haendi kutafuta habari za ziwa kufungwa. Anaona ametegwa. Akiwa na hasira anaandika komenti moja, na komenti hiyo inasomwa na watu ambao hata dagaa hawakuwa wakiwatafuta. Aliyeficha bei angempoteza mteja mmoja mvivu wa kuuliza, lakini huyu aliyeiweka wazi na kuisahau anapoteza jina. Nasikia mafunzo mengi ya namna ya kuvuta watu waposti, walaiki, wajibu, wala sijasikia likizungumzwa suala la posti inayoendelea kuuza bei iliyokufa.

Mnunuzi naye ana hoja, tena nzito. Kuuliza kunamla bando na muda. Utapeli umeenea, na anayetakiwa kutuma pesa kwanza kwa mtu wa mkoa wa mbali ana haki ya kuogopa kila kinachofichwa. Wengi wanaamini kwamba inboksi ni mahali pa kupimwa: picha yako ya wasifu ikionyesha gari, bei inapanda. Siwezi kusema wanazua. Isitoshe, swali likijibiwa hadharani linawasaidia mamia wanaosoma kimya kimya. Na wale wanaoficha bei makusudi ili watu wamiminike kuandika "bei?" wajue kwamba Facebook ilitangaza tangu Desemba 2017 kuwa inazishusha posti zinazoomba laiki, komenti na kutagiwa marafiki. Hizo komenti themanini za "bei?" zinapendeza kwenye ripoti ya kampeni, lakini hazina mazungumzo ndani yake.

Ila mazungumzo yenyewe ndiyo biashara ya mwaloni. Mteja anamuuliza mama kama dagaa wa leo ni wakavu, mama anamuuliza anapeleka wapi na atawahifadhi muda gani, kisha bei inatajwa. Kampuni inayomiliki WhatsApp yenyewe inauza matangazo yanayomtoa mtu Facebook au Instagram na kumpeleka moja kwa moja kwenye soga na muuzaji. Haiwezekani jambo hilo liwe mbinu nzuri likilipiwa, na liwe ushamba likifanywa na mama wa Katonga.

Ningemshauri agawe mambo. Bei aiweke kwenye stetasi ya WhatsApp, ambayo hufutika baada ya saa 24. Bei ya leo inaondoka pamoja na leo. Watakaoiona ni wachache, wale waliohifadhiana namba naye, lakini hao ndio wanaonunua. Kwenye posti ya kudumu aandike yasiyobadilika: dagaa wa chanja au wa mchanga, vipimo alivyo navyo, mzigo unasafirishwaje, na kama anapenda, bei ya mwisho ikiwa na tarehe yake. Anayeuza vitenge hapa hapa mjini simtetei. Kitenge hakingoji giza, na bei yake ya Jumatatu ni ile ile ya Ijumaa. Huyo aandike.

Kwa muuza dagaa, akishamwita mtu inboksi amechukua deni. Programu ya WhatsApp ya biashara, iliyoanza mwaka 2018, inamruhusu kuandaa majibu mapema: bei ya kilo leo, bei ya gunia leo, utaratibu wa usafiri. Akiyabadilisha kila asubuhi akitoka mwaloni, anayeuliza saa nne usiku anajibiwa usiku ule ule. Wauzaji wanaojibu keshokutwa ndio wanaoipa "njoo inboksi" sifa mbaya, na hao siwezi kuwasemea.