Mshambuliaji wa Klabu Nyingi Hakushindwa Kazi

Mashabiki wengi wa Afrika Mashariki tunaijua soka ya England kwa klabu 20 za Ligi Kuu, na hata katika hizo mazungumzo yetu huishia kwenye tano au sita. Chini yake zipo klabu 72 za madaraja matatu ya EFL, yaani Championship, League One na League Two, na chini ya hizo ipo National League yenye klabu nyingine 24. Huko ndiko anakofanya kazi mtu ambaye tumezoea kumhukumu vibaya: mshambuliaji aliyepita katika klabu nane, kumi au kumi na tano bila kuigusa Ligi Kuu, ambaye tukiisoma orodha ya timu zake tunasema haraka kwamba hakuwa na kiwango, au hakuwa na nidhamu, au alikuwa mtu wa kufuata fedha. Maoni yangu ni kwamba orodha hiyo haituelezi mengi kuhusu miguu yake. Inatueleza zaidi kuhusu waajiri wake.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa Adebayo Akinfenwa, aliyezaliwa Islington, London, mwezi Mei 1982, kwa wazazi wenye asili ya Nigeria. Baada ya kupita katika timu ya vijana ya Watford alikwenda Lithuania, katika klabu ya FK Atlantas ya mji wa Klaipėda, ambako mwaka 2001 alifunga bao la ushindi katika fainali ya kombe la nchi hiyo. Huko pia alisikia matusi ya ubaguzi wa rangi kutoka majukwaani, jambo ambalo amelizungumzia mara nyingi. Kijana wa miaka 19, mbali na kwao, anafunga katika fainali na bado anatukanwa. Hiyo ndiyo ilikuwa ajira yake ya kwanza.

Kurudi kwake kuliangukia wakati mbaya. Mwaka 2000 klabu za madaraja ya chini zilikuwa zimeahidiwa pauni milioni 315 za haki za televisheni kwa miaka mitatu na kampuni ya ITV Digital, na klabu nyingi ziliandika mikataba ya wachezaji kwa kutegemea fedha ambazo zilikuwa hazijafika. Machi 2002 kampuni hiyo ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, huku pauni milioni 178.5 zikiwa bado hazijalipwa. Wachezaji wakaachwa kwa mamia, na waliobaki wakapewa mikataba mifupi. Akinfenwa aliingia katika soko hilo mwaka 2003, kwanza Barry Town ya Wales, ambayo nayo muda mfupi baada ya kutwaa ubingwa ilikwama kifedha na kuwaachia wachezaji wake. Katika msimu wa 2003/04 pekee alivaa jezi za Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Anayeziona klabu hizo nne bila kujua habari ya ITV Digital atamwona kijana asiyetulia, ilhali hapakuwa na mahali ambapo angeruhusiwa kutulia.

Hata fedha ziliporejea, namna ya kuajiri haikubadilika sana. Mkataba wa mwaka mmoja ni jambo la kawaida katika League Two, na huisha mwishoni mwa Juni. Kila Mei klabu hutangaza orodha ya wanaobakizwa na wanaoachwa, na mchezaji mwenye umri wa miaka 30 na watoto shuleni husubiri kujua kama ataishi mji uleule. Kocha akifukuzwa Oktoba, anayekuja huja na straika wake. Timu ikishuka daraja, bajeti hukatwa na wa kwanza kuondolewa ni mwenye mshahara mkubwa, ambaye mara nyingi ndiye mfungaji. Hapo sijataja mikopo ya muda mfupi, iliyomwezesha mchezaji kuhamia mji mwingine kwa mwezi mmoja kisha akarudishwa.

Torquay United, aliyokuwa akiichezea, iliposhuka daraja mwaka 2005, Akinfenwa akaenda Swansea City na akafunga bao la kwanza la ligi katika uwanja mpya wa Liberty, dhidi ya Tranmere Rovers. Msimu huohuo akafunga katika fainali ya kombe la madaraja ya chini waliyoshinda dhidi ya Carlisle United, na wiki chache baadaye, katika fainali ya mchujo dhidi ya Barnsley, akakosa penalti yake kwenye mikwaju iliyoamua nani apande. Mwaka 2007 akavunjika mguu, mkataba ukaisha, akakaa miezi kadhaa bila klabu hadi Millwall ilipompa mkataba mfupi mwezi Novemba.

Baada ya hapo ukaja mzunguko unaonishawishi kuliko takwimu yoyote: Northampton Town, kisha Gillingham, kisha Northampton tena, kisha Gillingham tena. Mtu akiachana na klabu na klabu ileile ikamfuata tena baada ya mwaka au miwili, haiwezekani kwamba waliachana kwa sababu hakufaa. Naamini waliachana kwa sababu mwaka ule hesabu haikukubali, na alirejeshwa kwa sababu mabao yake yalikosekana.

Kuhusu uwezo wake wenyewe, nadhani sifa aliyopewa ilikuwa nusu ya tusi. Alikuwa na zaidi ya kilo 100, akaitwa mnyama, na mchezo wa kompyuta wa FIFA ukamtangaza kuwa mchezaji mwenye nguvu kuliko wote duniani. Vijana wengi wa kwetu walimjua hapo kwanza, wakimchagua kwa kicheko ili awaangushe mabeki wa Barcelona. Yeye mwenyewe alilitumia jina hilo vizuri na kulifanya biashara ya nguo, na simlaumu, kwa kuwa mshahara wa League Two haumtunzi mtu baada ya kustaafu. Lakini ukimtazama kwa makini utaona kwamba nguvu ilikuwa mwanzo tu wa kazi. Mpira mrefu unamjia akiwa ameligeuzia goli mgongo, beki wa kati amemganda, uwanja wa Januari umelowa. Anautuliza kwa kifua, anasubiri kidogo tu hadi winga apite, kisha anampa pasi fupi ya upande wa mguu. Wapo washambuliaji wengi wenye miili mikubwa wanaoshindwa hatua ya pili. Jambo jingine, ambalo halionekani kwenye televisheni, ni kwamba mshambuliaji wa namna hii hujifunza wenzake wapya kwa siku chache: nani hupiga krosi mapema, nani huchelewa, kiungo gani husogea kuchukua mpira wa pili. Mchezaji aliyekaa klabu moja miaka kumi hajawahi kuhitaji ujuzi huo.

Mei 2016 ndiyo inayoonyesha hali hii kwa uwazi zaidi. Tarehe 2 mwezi huo Leicester City ilitwaa ubingwa wa England, na dunia nzima ikasimulia habari ya mshambuliaji wake Jamie Vardy aliyetoka madaraja ya chini. Tarehe 30, AFC Wimbledon, timu ya Akinfenwa wakati huo na klabu iliyoundwa na mashabiki mwaka 2002 baada ya timu yao ya zamani kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes, ilicheza na Plymouth Argyle fainali ya mchujo wa League Two pale Wembley. Wimbledon wakiongoza 1-0 walipata penalti katika dakika za nyongeza, Akinfenwa akang'ang'ania apige yeye, akafunga, na klabu ikapanda. Dakika chache baadaye, mbele ya kamera, aliwaambia makocha kwamba kwa sasa hana kazi, hivyo wamtafute kwa WhatsApp. Watu walicheka. Alikuwa na miaka 34, amefunga Wembley, na kweli hakuwa na kazi.

Aliyemwajiri ni kocha Gareth Ainsworth wa Wycombe Wanderers, na Akinfenwa akakaa huko misimu sita. Hapo ndipo hoja ya kutotulia inapovunjika: alipopata kocha asiyebadilishwa kila mwaka na klabu iliyokuwa tayari kumwongezea mkataba, mtu wa kuhamahama alibaki. Walipanda League One mwaka 2018, na Julai 2020, baada ya msimu kukatishwa na korona na msimamo kupangwa kwa wastani wa pointi kwa kila mchezo, waliifunga Oxford United 2-1 katika fainali ya mchujo iliyochezwa bila watazamaji. Wycombe, iliyoanzishwa mwaka 1887, ikaingia Championship kwa mara ya kwanza. Akinfenwa, shabiki wa Liverpool tangu utotoni na aliyewahi kuwafunga katika Kombe la FA Januari 2015, akasema sasa anayeruhusiwa kumtumia ujumbe wa WhatsApp ni Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, peke yake. Klopp akamtumia. Msimu uliofuata walishuka kwa upungufu wa pointi moja, na mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali nyingine ya mchujo Wembley, Mei 2022, waliyofungwa 2-0 na Sunderland. Alikuwa ametimiza miaka 40, na mabao yake yote yamezidi 200.

Najua wapo watakaonitajia mshambuliaji Rickie Lambert, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha kufungasha bitiruti akiwa hana klabu, kisha akapanda na Southampton hadi akaifungia England dhidi ya Scotland mwaka 2013 kwa mguso wake wa kwanza. Ni habari nzuri, lakini tukiifanya kipimo, kila asiyetoka huko chini anakuwa ameshindwa, na wengi mno hawatoki.

Jambo hili linatuhusu pia. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, alikulia soka yake katika timu za vijana za Leicester City, kisha akapita Burton Albion, Lincoln City, Mansfield Town, Grimsby Town, Barrow na Solihull Moors. Blackpool ilimsajili mwaka 2019 na ikamtoa kwa mkopo, ikiwemo Wrexham. Alipoitwa Taifa Stars kwa ajili ya AFCON 2019 kule Misri, nilisikia watu wakiuliza kwa kejeli Solihull Moors ni timu gani. Ni timu iliyomaliza ya pili katika National League msimu ule, katika ligi ya mechi 46 ambamo mshambuliaji hukutana kila wiki na mabeki wanaopigania mkataba wa mwaka ujao. Wapo vijana wengine wenye damu ya Tanzania na Kenya katika madaraja hayo, na wanaowatafuta kwa ajili ya timu zetu za taifa wafanye vizuri kuangalia dakika walizocheza na mabeki waliocheza nao, kabla ya kuhesabu klabu walizopita.