Petroli ya mashindano kwenye gari la kawaida: nguvu hutoka wapi?

Mafundi na wenye magari wa Dodoma wamegawanyika kuhusu petroli ya mashindano, yaani ile ya okteni ya juu inayotengenezwa kwa magari ya mbio. Kuna wanaosema ukiichanganya kwenye tangi, au ukimimina kichupa cha kuongeza okteni, gari linakuwa jepesi na linavuta. Wengine wanasema huko ni kuchoma pesa. Kila upande una ukweli wake, lakini kwa magari mengi yanayozunguka mjini hapa upande wa pili una hoja nzito zaidi.

Namba ya okteni haipimi nguvu. Inapima jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo na joto ndani ya silinda bila kujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Kipimo chake kimejengwa juu ya kemikali mbili: iso-okteni, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Petroli ya namba 95 hustahimili sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za ile ya kwanza na 5 za ya pili. Nishati haimo kabisa katika hesabu hiyo. Ethanoli ina okteni zaidi ya 100, lakini nishati iliyomo katika lita yake moja ni pungufu ya petroli kwa karibu theluthi.

Petroli ikishindwa kustahimili, injini hugonga. Ni ule mlio mkavu wa chuma unaosikika ukikanyaga mafuta gari likiwa gia kubwa na mwendo mdogo, hasa mlimani. Hali hiyo ikiachwa, hutoboa pistoni, huvunja ringi na huunguza gasketi ya silinda hedi. Magari ya sasa yana sensa inayosikiliza mgongano huo. Ikiusikia, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huchelewesha taimingi, ule wakati plagi inapotoa cheche. Injini husalimika lakini nguvu hupungua. Okteni ya juu inaweza kurudisha nguvu hiyo iliyopotea. Isipopotea nguvu yoyote, hakuna cha kurudishwa.

Chukua Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Mgandamizo wake ni 10.5 kwa 1, yaani pistoni hubana kilichomo kwenye silinda hadi sehemu moja ya 10.5, na ilitengenezwa itumie petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni okteni 89. Ukiipa petroli ya 105, taimingi haitavuka pale kiwanda kilipoishia. Zaidi ya hapo, Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye silinda, huvuta hewa kidogo zaidi hapa, kwa hiyo hupoteza nguvu, lakini pia haigongi kirahisi. Jimbo la Colorado huko Marekani, lililo juu zaidi, limeuza petroli ya okteni ndogo kuliko majimbo ya pwani kwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo. Mwenye IST wa Dodoma anahitaji okteni ndogo kuliko mwenye IST wa Kariakoo.

Upande wa kwanza unapata nguvu tunapofika kwenye Crown na Subaru. Crown yenye injini ya 4GR-FSE ina mgandamizo wa 12 kwa 1, na Toyota iliitengeneza kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yaani okteni 96 na kuendelea. Forester ya turbo nayo hivyohivyo, tena turbo hufidia uhaba wa hewa ya nyanda za juu, kwa hiyo ahueni ya mwinuko haiihusu sana. Magari haya yakipanda Nyang'oro kutoka Mtera kwenda Iringa, au Sekenke upande wa Singida, saa nane mchana wa Oktoba yakiwa na abiria watano, kontroli boksi huenda inachelewesha taimingi njia nzima. Hapo okteni mbili tatu za nyongeza husikika kwenye mguu. Hesabu ya kuchanganya ni ya wastani wa kawaida, ingawa kiuhalisia hutofautiana kidogo: lita 40 za okteni 93 na lita 10 za 103 hutoa takriban 95. Kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo wa gari hakuongezi kitu, isipokuwa fundi amebadilisha programu ya kontroli boksi ili taimingi na presha ya turbo viongezwe. Kwa gari la mbio lililopangwa hivyo, petroli ya mashindano ni ya lazima.

Vichupa ni habari nyingine. Vingi hujisifu kuongeza "pointi 30", na pointi moja ni sehemu ya kumi ya okteni, kwa hiyo hizo ni okteni 3 tu. Vyenye manganisi au chuma huacha tabaka jekundu kwenye plagi, na likizidi injini inaanza kumisi.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni madini ya risasi. Baadhi ya petroli za mashindano, na ile ya ndege ndogo za pistoni iitwayo 100LL, bado zina risasi, ambayo iliondolewa kwenye petroli ya magari Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi huziba masega ya egzosti, yale yanayosafisha moshi, na kuua sensa ya oksijeni. Madhara kwa mtu ni makubwa kuliko hayo: risasi hiyo hupenya ngozi. Fundi anayenawa mikono kwa petroli au kunyonya mpira kwa mdomo asifanye hivyo hata mara moja kwa mafuta ya aina hii.

Wengi wanaoapa kwamba gari lilibadilika hawadanganyi, wanakosea chanzo. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 14 ina hewa nzito kwa karibu asilimia 4 kuliko mchana wa nyuzi 27, na injini huhisi tofauti hiyo. Wengine walikuwa wakijaza petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo hushusha okteni. Kubadili sheli tu kungetosha.

Ubishi huu unamalizwa na kifaa cha kusomea kontroli boksi. Injini ikiwa na joto lake, panda mlima uleule kwa gia ileile, saa ileile, na uandike taimingi pamoja na kiasi inachocheleweshwa kwa sababu ya kugonga. Kisha tumia tangi zima la okteni ya juu, urudie. Taimingi isiposogea, injini haikuwa inahitaji. Ikisogea nyuzi 3 au 4, kwanza kagua plagi kama ni za joto sahihi, kaboni juu ya pistoni, rejeta na nozo zilizoziba, kwa sababu vyote hivyo huleta mgongano, na mafuta ghali yataficha ubovu huo badala ya kuuondoa. Vikiwa safi na mgongano bado upo, hapo gari linahitaji okteni zaidi.