Deki Inaruka, Wewe Unauziwa Kisanduku

Jamani, nani aliwaambia watu kwamba kila deki ya CD ikikohoa dawa yake ni DAC, kile kisanduku cha kuchomeka pembeni? Deki inaruka wimbo wa tatu, wa nne inaganda kabisa, na mshauri wa mtaa kashika kiuno: "Hapo ongeza DAC tu, utamsikia mpaka mpiga ngoma akimeza mate!" Inasoma CD, hiyo DAC? Kazi yake ni kupokea namba zilizosomwa na leza kwenye CD na kuzigeuza sauti. Leza ikishindwa kuzisoma, kisanduku cha laki tano kitakupa ukimya ule ule, ila wenye taa ya bluu.

Chomoa umeme kwanza, tusije tukatafutana, halafu fungua kifuniko. Lenzi ni kijicho kama punje ya choroko, kinaelea juu ya vijiwaya laini. Pamba ya masikio, tone la pombe ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, gusa taratibu. Ukisugua unakitegua. Na ile spiriti ya rangi, ya kuwashia majiko, iache huko huko, itakuachia ukungu. Trei ikigoma kutoka, mara nyingi ni mkanda wa mpira umelegea.

Bado inaruka? Badilisha jicho zima, yaani leza pamoja na lenzi yake. Deki nyingi zimefungwa jicho la KSS-213 au KSS-240 ya Sony, lakini soma namba ya lako kabla hujatoa hela. Jipya huja na tone la risasi lililounganisha njia mbili, kulikinga na umeme wa vidole vyako. Unganisha utepe wa waya kwanza, kisha ndiyo uliyeyushe tone hilo na kulitoa. Ukilisahau, leza haiwaki, na muuzaji wa watu anatukanwa bure.

Haya, deki inasoma vizuri, unalalamikia sauti tu. Hapo kisanduku kijadiliwe. Geuza deki utazame mgongoni: kuna tundu la COAXIAL au OPTICAL? Kama yapo matundu mekundu na meupe peke yake, safari imeishia hapo. Hayo yanatoa sauti ambayo deki imeshaigeuza yenyewe ndani.

Likiwepo la COAXIAL au OPTICAL, sasa ndiyo vituko vinaanza. Vipo visanduku vinavyogeuza kinyume, kutoka sauti kwenda namba, na kwa nje vinafanana kama mapacha. Hakikisha kwenye kuingia imeandikwa DIGITAL na kwenye kutoka ANALOG. Waya wa mwanga, ule wa OPTICAL, una vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zote mbili. Usipovitoa, hautaingia, hata uusukume kwa goti. COAXIAL inataka waya wa omu 75. Adapta nayo soma volti: kisanduku cha volti 5 ukikipa 12, kitanuka kabla hakijaimba.

Kwenye amplifaya chomeka AUX au CD. PHONO ni ya sahani za santuri, inategemea milivolti chache, nawe unaimwagia karibu volti 2. Itakoroma, halafu lawama apewe msanii.

Unataka kujua kama kisanduku kinastahili hela yake? Deki iende tundu la CD la amplifaya kwa waya zake za kawaida, kisanduku kiende AUX, cheza wimbo mmoja huku unahama huku na huku. Ila sawazisha ukubwa wa sauti kwanza! Chenye sauti kubwa zaidi kidogo tu, sikio litaapa ndicho kisafi. Wala usibabaishwe na "biti 24, kilohezi 192" iliyochapwa kwenye boksi. CD tangu 1982 ni biti 16, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde. Ambacho hakikurekodiwa humo hakitokei kwa sababu boksi limejisifu. Deki kuukuu yenye kapasita (vihifadhi umeme vya ndani) zilizochoka, hapo sawa, unaweza kusikia nafuu ya kweli. Deki nzima nzima, wengi hawabahatishi ipi ni ipi.

Sasa thubutu kumwambia mshauri kwamba hujasikia tofauti. Ataangalia chini ya meza, atatikisa kichwa, halafu atauliza waya wako wa umeme ulinunua wapi.