Mhindi, Mhindu na "hekalu la Wazungu"

Kiswahili kinamtenganisha Mhindi, mtu wa India, na Mhindu, mfuasi wa dini ya Uhindu, kwa herufi moja tu, na wengi wetu hata hiyo hatuijali. Huko Vrindavan, mji wa mahujaji wa mungu Krishna ulio kando ya mto Yamuna, kilomita kama 150 kutoka Delhi, herufi hiyo ina kesi. Humo utamkuta mama wa Kirusi ndani ya sari, kipaji chake kimepakwa udongo wa njano, mkono wa kulia umezama katika kifuko cha kitambaa akihesabu tasbihi ya punje 108. Anamwamkia muuza maziwa "Radhe Radhe", naye anaitikia vivyo hivyo. Tumbili wa mji, ambao ni wezi wa miwani, hawawabagui.

Je, mama huyu ni wa hapa?

Waliomleta ni wenyeji wenyewe. Mwaka 1965 Swami Prabhupada, mwalimu wa dini na mzee wa karibu miaka 69 aliyekuwa akiishi katika hekalu la Radha-Damodar humohumo Vrindavan, alipanda meli ya mizigo kwenda Marekani. Mwaka uliofuata akaanzisha ISKCON, jumuiya ya waumini wa Krishna, hao tunaowaita Hare Krishna. Kufikia 1975 hekalu la Krishna-Balaram lilikuwa limefunguliwa Vrindavan, likijaa wanafunzi wake wa Ulaya na Marekani. Watu wa mji wakaliita Angrez Mandir, yaani hekalu la Wazungu. Ni utani, lakini una mwiba.

Mwiba huo unachoma zaidi katika mji wa Puri, kwenye pwani ya jimbo la Odisha. Hekalu la Jagannath haliwapokei wasio Wahindu, na Mzungu aliyeingia dini hiyo naye hurudishwa mlangoni. Kwa walinzi wa desturi, Uhindu mtu huzaliwa nao. Wala si chuki ya rangi tu: mwaka 1984 Indira Gandhi, akiwa waziri mkuu, alizuiwa kwa kuwa aliolewa na Mparsi, mtu wa jamii ya dini ya Zoroasta. Mimi siwacheki. Watu waliotawaliwa karne nyingi na wa dini nyingine wana sababu ya kulinda milango yao.

Lakini Puri hiyohiyo ina kaburi la Haridas Thakur. Alizaliwa, kwa mapokeo, katika nyumba ya Waislamu, akawa mwandani wa Chaitanya, mtakatifu wa Kihindu ambaye Hare Krishna wanamfuata, katika karne ya 16. Hekaluni hakuingia, Chaitanya ndiye aliyekuwa akimwendea kibandani kwake, na alipofariki alimzika mwenyewe ufukweni. Ukimheshimu Haridas, ni vigumu kusema nasaba ndiyo kila kitu. Ila wapinzani nao wana la kujibu: Haridas hakudai kufunguliwa mlango.

Lawama kwamba wageni wamepandisha bei ya ardhi naiona dhaifu. Mgeni asiye na asili ya India wala ukaazi wa kisheria haruhusiwi kununua nyumba, na maghorofa mengi yanayoota kandokando ya barabara ya Vrindavan yanawalenga wenye pesa wa Delhi wanaokuja mwisho wa wiki. Lawama yenye uzito ni ya ujirani. Kwenye jumuiya zao wageni wana nyumba zao za kulala, mikahawa yao, hata shule, na mtu anaweza kukaa miaka akijua beti za Kisanskriti lakini hana Kihindi cha kumuuliza jirani homa ya mtoto imeshukaje. Mayapur, makao makuu ya ISKCON katika jimbo la Bengali Magharibi, hali hiyo imekuwa mji kamili: hekalu kubwa mno linajengwa humo, na mfadhili wake mkuu ni Alfred Ford, kitukuu cha Henry Ford wa magari.

Halafu kuna serikali, ambayo haiulizi imani. Uraia wa kuandikishwa unataka jumla ya miaka 12 ya ukaazi, na kwa kuwa India haina uraia pacha, pasipoti ya zamani lazima uiache. Wengi hawafiki huko. Waumini husema kufia Vrindavan ni kuachana na mzunguko wa kuzaliwa upya, na wapo waliohamia kwa nia hiyo hasa. Mama wa Kirusi anaweza kuwa mmoja wao, akazijua nyimbo zote za alfajiri kwa moyo, na bado viza ikikaribia kwisha akaanza kuulizia bei ya tiketi.