Bei ya Umeme wa Usiku na Sufuria ya Maharagwe

Wanaotaka Kenya ijenge mitambo zaidi ya kawi safi kabla ya kuwahimiza watu wapikie stima wana hoja nzito. Mwaka 2025 mahitaji ya umeme yalipita megawati 2,300, na kilele hicho hufikiwa jioni, watu wa Nairobi wanaporudi nyumbani, wakawasha taa na televisheni na kuanza kutafuta chakula. Tayari tunanunua umeme kutoka Ethiopia. Kuongeza majiko ya umeme katika saa hiyo ni kuzidisha mzigo ambao gridi inaubeba kwa shida.

Lakini kuna upande wa pili ambao husikilizwa nusu nusu, kwa sababu hauna mtambo wa kuzindua wala utepe wa kukata. Hawa wanasema kwamba ubunifu tunaouhitaji zaidi sasa ni wa saa na bei. Baada ya usiku wa manane mahitaji hushuka hadi karibu nusu ya kile kilele cha jioni. Visima vya Olkaria, vinavyozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, navyo haviwezi kufungwa na kufunguliwa kama mfereji wa maji, hivyo mvuke ambao hauna mnunuzi huachiliwa hewani. Kule Loiyangalani, kwenye mitambo ya upepo ya megawati 310, upepo huvuma kwa nguvu usiku, saa ambazo wateja wamelala. Nchi ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na vyanzo jadidifu inatupa sehemu ya kawi hiyo kila usiku, huku kuni na makaa vikiendelea kuwaka jikoni.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba zilitegemea kuni kupikia, na zilizotegemea umeme zilikuwa asilimia 0.9. Hiyo 0.9 inastahili kutukosesha usingizi. Haielezwi na ukosefu wa nyaya pekee, kwa maana maelfu ya nyumba za Nairobi zenye mita ya tokeni hutumia stima kwa taa na simu, kisha hupika kwa gesi, mafuta ya taa au makaa. Sehemu ya jibu imo katika bei yenyewe. Mpango ulioanza 2023 humweka mteja wa nyumbani katika daraja kulingana na wastani wa matumizi yake ya miezi 3: hadi uniti 30 bei ni ya chini, kati ya 30 na 100 inapanda, na zaidi ya 100 inapanda tena. Mpango huo ulikusudiwa kumlinda maskini, na kwa balbu na redio unamlinda kweli. Ila mama anayeacha makaa na kununua sufuria ya presha ya umeme, ambayo huivisha maharagwe kwa takriban nusu uniti, atajikuta amesukumwa hadi daraja la juu, na kila uniti anayonunua, hata ya taa, inamgharimu zaidi. Tunamwadhibu kwa kufanya kile ambacho kampeni zetu zinamwomba afanye.

Kwa boda boda tumeshafikiri tofauti. Mwaka huohuo wa 2023 Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli iliidhinisha bei maalumu ya kuchaji magari na pikipiki za umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa ambazo mahitaji ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Hakuna kisima kipya kilichohitaji kuchimbwa ili bei hiyo iwepo.

Wala ubunifu wa aina hii, usiohitaji mtambo mpya, si jambo geni kwetu. Jiko la kauri la miaka ya 1980 lilienea kwa sababu mafundi wa jua kali waliacha sufuria, makaa na soko la mama kama vilivyokuwa, wakaboresha jiko lenyewe kwa kuweka kauri ndani, na makaa yakapungua kwa theluthi hadi nusu. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza mauzo 2012, haikuvumbua paneli ya sola. Ilibuni njia ya kuilipia kidogo kidogo kwa M-Pesa, kwa pesa ambazo zingenunua mafuta ya taa. Wakosoaji wanasema kwa haki kwamba jumla ya malipo hayo huzidi bei ya taslimu, na kasoro hiyo isirudiwe.

Pingamizi kubwa zaidi ni mbili. Kwanza, tokeni za nyumbani huuzwa kwa bei moja usiku na mchana, na kubadilisha mita ni gharama. Tena katika ploti nyingi wapangaji kadhaa hutumia mita moja ya mwenye nyumba. Pili, nani atapika saa nane usiku? Ugali hautapikwa saa hiyo. Githeri na maharagwe, ambavyo hula makaa mengi jikoni, huchemshwa mapema hata hivyo, na wanaoviuza mitaani huanza kabla ya alfajiri. Hao ndio wa kuanzia: wachuuzi wenye mita zao, wapewe mita zinazohesabu saa na bei ya usiku iliyo sawa na ya pikipiki. Bei za 2023 zilipangwa kwa kipindi cha miaka 3, kwa hiyo mapitio yanayofuata ndipo mahali pa kuliingiza ombi hilo, pamoja na kuondoa uniti za kupikia katika hesabu ya madaraja.