Kilometa 412,000 Hazikunitisha

Muuzaji wa Land Cruiser kuukuu alinitajia kilometa 412,000 kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa mzee wa nyumba mbele ya mgeni, kisha akaharakisha kunielekeza kwenye rangi. Rangi ilikuwa nzuri, mpya, yenye kung'aa hadi ndani ya matao ya magurudumu, mahali ambapo ni nadra mtu kuwa na sababu njema ya kupaka rangi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini muuza gari kuukuu daima huanza na mlango. Nilitandika gunia, nikaingia uvunguni na nyundo ndogo, nikaanza kugonga chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, kutoka mbele kwenda nyuma.

Chuma kizima kikigongwa hulia. Chuma kilicholiwa na kutu kutoka ndani hujibu kwa sauti iliyokufa, kama ubao uliolowa, na sauti hiyo niliipata mahali pamoja tu: upande wa kushoto, pale chasisi inapojipinda kupanda juu ya ekseli ya nyuma, ambapo matope hujikusanya na kuhifadhi unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika. Sehemu hiyo ilikuwa imepakwa kitu cheusi kizito mfano wa lami. Nilisukuma bisibisi, ikazama hadi nusu ya urefu wake. Nilitoka uvunguni, nikajipangusa vumbi, na mazungumzo ya bei yakaanza upya.

Nilinunua gari hilo, na baada ya Jumamosi za miaka miwili nikiwa chini yake sina sababu ya kujuta. Hata hivyo nimebaki na maoni ambayo wapenzi wengi wa magari ya njia mbovu hawapendi kuyasikia, nayo ni kwamba tunapoyatafuta magari haya tunatishwa na namba isiyostahili kututisha, na tukishayapata tunaanza kuyafufua kutoka upande usiofaa.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya toleo la 80, toleo lililoingia sokoni mwaka 1990, lenye injini ya dizeli ya 1HZ. Injini hiyo ina silinda sita na ujazo wa sentimita mchemraba 4,164, haina tabo ya kuisukumia hewa ya ziada, na pampu yake ya dizeli hufanya kazi bila kompyuta ya kuiamuru. Injini ya namna hii ikibadilishiwa oili kwa wakati, na rejeta yake ikiwa safi, kilometa 400,000 kwake ni umri wa utu uzima, wala si wa kuagwa. Lakini hata tukiacha ubora wa injini, namba ya kilometa ina kasoro yake yenyewe: inasema umbali na inanyamaza kuhusu kazi. Gari lililotembea kilometa 412,000 kwenye barabara kuu kwa wastani wa kilometa 70 kwa saa limeunguruma takribani saa 5,900. Gari lililotambaa umbali huohuo kwa wastani wa kilometa 20 kwa saa, kwenye mashimo, makorongo na foleni, limeunguruma saa 20,600, na katika saa hizo klachi yake, breki zake na bushi zake (mipira ya kwenye maungio) zimeonja taabu ambayo lile la kwanza halikuijua kamwe. Dashibodi za magari hayo mawili zitaonyesha namba moja. Tena, ikiwa aliyetangulia alilivalisha gari matairi yenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 10 kuliko ya kiwandani, kila kilometa 100,000 zinazosomeka ni 110,000 zilizotembewa, bila mtu yeyote kuichezea mita.

Ndiyo maana ninaamini zaidi mpira wa pedali ya breki, ambao huchakaa kadiri unavyokanyagwa, maji ya rejeta, na injini inayowashwa saa moja ya asubuhi ikiwa bado baridi. Nilipofika mara ya kwanza niliweka kiganja juu ya boneti nikaikuta ina joto, maana yake injini ilikuwa imewashwa kabla yangu ili isinionyeshe tabia yake ya baridi. Nilirudi kesho yake kabla ya chai. Iliwaka kwa kusitasita, ikatoa moshi mweupe kwa nusu dakika kisha ukapotea, jambo linaloelekeza kwenye plagi za kupasha joto au nozeli za kunyunyizia dizeli zilizochoka, na hilo ni tatizo la kawaida. Ungekuwa moshi wa buluu usiokoma, yaani oili inayoungua, ningeaga kwa adabu. Maji ya rejeta yalikuwa na rangi ya matofali, ushahidi kwamba kwa miaka kadhaa mtu alijaza maji ya bomba badala ya maji yenye dawa ya kuzuia kutu.

Jambo ambalo sikuliona siku hiyo ndilo lililokaribia kuniangamiza. Injini ya 1HZ huendesha kemshafti yake, mhimili unaofungua na kufunga valvu, kwa mkanda wa mpira, na mkanda huo ukikatika valvu hugongana na pistoni, kazi ikaisha hapohapo. Kwa sababu hiyo kiwanda kiliweka kwenye dashibodi taa ya kumkumbusha mwenye gari kuubadilisha, ambayo katika gari langu imepangwa kuwaka kila kilometa 100,000. Wiki ya pili nilifungua dashibodi kubadilisha balbu za mwanga wa spidomita, nikakuta tundu la taa hiyo liko wazi, halina balbu. Nilichukua balbu ya jirani yake, nikaipachika, nikageuza ufunguo. Iliwaka, na haikuzima. Hapo nilielewa kwamba gari lilikuwa limelalamika tangu kilometa ya 400,000, na kwamba mtu fulani, badala ya kununua mkanda, aliona ni nafuu kulitoa gari jicho. Tulipoutoa mkanda wenyewe ulikuwa umelowa oili iliyovuja kwenye sili, yaani mpira wa kuzuia uvujaji, ya krenki, na ukiukunja kidogo, nyufa zilionekana kwenye kila shina la jino.

Kwa hiyo ninaposema kilometa si kitu, sisemi kwamba kila gari lililotembea sana ni zima. Ninasema kwamba kinachoua magari haya ni kazi zilizorukwa, na kazi iliyorukwa huacha alama kwa yeyote mwenye subira ya kuitafuta.

Ukarabati ulianza na vimiminika vyote, mkanda, pampu ya maji, kisha breki na usukani. Pampu ya maji ya kwanza niliyonunua ilikuja ndani ya boksi la jina kubwa, ikavuja baada ya wiki tano. Nilipoiweka mezani pembeni ya ile kuukuu, hata unene wa chuma chake ulikuwa tofauti. Tangu hapo spea zinazogusa uhai wa injini au uhai wangu huzipima kwa mkono kabla ya kuzifunga, na kwenye spea nyingine siumizi kichwa.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya vifundo vya magurudumu ya mbele, yale matufe ya chuma yaliyoko mwishoni mwa ekseli ambayo huliruhusu gurudumu kupinda huku likiendelea kuvuta. Ndani ya kila tufe mna jointi yenye gololi sita, nayo inapaswa kukaa kwenye grisi nzito. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu, ile gia ya katikati ya ekseli, huvuka na kuiyeyusha grisi, na mchanganyiko wake, mweusi na mwembamba kama wino, huchuruzika kwenye ubavu wa ndani wa tairi. Madereva wengi huuona mchuruziko huo na kuupangusa kwa tambara. Nilipofungua upande wa kulia, nilitoa grisi kwa kikombe badala ya kwa vidole. Beringi za juu na chini zilikuwa zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake, na ndiyo sababu usukani ulikuwa ukikwama kidogo kila ulipofika katikati, kasoro ambayo mafundi wawili walikuwa wameniambia ni ya uzee tu.

Upande huo ulinichukua siku tatu, nyingi zikiwa za kuosha. Fundi aliyenisimamia, mzee asiye na haraka hata kidogo, alinifundisha kuhamishia jointi ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, kwa kuwa gari huenda mbele muda mrefu kuliko linavyorudi nyuma, hivyo njia za gololi huchakaa upande mmoja na ukizihamisha hupata upande ambao haujaguswa. Alifunga mizani ya ndoano kwenye mkono wa usukani, akauvuta polepole, akasoma namba, akaongeza kipande chembamba cha bati chini ya kifuniko cha beringi, akavuta tena. "Ikiwa nyepesi mno usukani utacheza, ikiwa nzito mno utachoka wewe," alisema. Upande wa pili niliufanya mwenyewe kwa siku moja.

Chasisi haikukubali ufundi wa Jumamosi. Ilibidi ikatwe hadi kwenye chuma cheupe, kisha kipande kipya chenye unene uleule kichomelewe, baada ya kuondoa betri, kuchomoa nyaya za altaneta na kushusha tanki la mafuta. Kiraka kinachobandikwa juu ya kutu, ambacho ndicho wengi hufanyiwa, hufungia unyevu katikati ya mabati mawili na kuipa kutu nyumba ya kudumu. Wenye Land Rover za zamani hujifariji kwamba mwili wa gari lao ni aloi ya alumini. Ni kweli, tangu gari hilo lilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, mabati yake mengi yamekuwa ya alumini. Lakini chasisi yake ni chuma, na pale metali hizo mbili zinapogusana penye maji ya chumvi, alumini yenyewe hugeuka unga mweupe.

Sasa nije kwenye rangi. Rafiki yangu mmoja alianza ukarabati wake kwa kupiga msasa, kupaka puti na kunyunyizia rangi, akaongeza springi ndefu, matairi makubwa na safu ya taa juu ya paa. Gari lilipendeza mno. Lakini springi ndefu ziliongeza mkunjo kwenye jointi za propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, matairi makubwa yalizipa breki zilezile za zamani kazi kubwa zaidi, na miezi minane baadaye mafundi walipochomelea chasisi, moto uliunguza rangi ile pande zote mbili. Simcheki, kwa sababu ninaelewa kishawishi: rangi huonekana na jirani, ilhali sili ya ekseli haionekani na mtu. Hata hivyo fedha ya mkarabati huwa ina mwisho, na kila inayokwenda kwenye taa za paani imetolewa kwenye mabomba ya breki.

Nikiri pia kwamba kwa hesabu za fedha peke yake gari langu halina utetezi. Nguvu zake ni kama farasi 130 zinazokokota zaidi ya tani 2, kwa hiyo kwenye mlima malori hunipa taa niwapishe. Linakunywa dizeli bila aibu, moshi wake hauchujwi kama wa magari ya leo, na katika ajali halitamlinda mtu kama gari jipya linavyoweza. Anayetaka usafiri wa kwenda kazini kila siku mjini namshauri anunue kitu kingine kabisa. Mimi nilitaka gari ambalo likisimama mbali na watu naweza kufungua boneti nikaelewa ninachokitazama.

Ndani ya kisanduku cha dashibodi ninaweka daftari lenye tarehe, kilometa na kazi iliyofanyika, kwa mkono wangu mwenyewe, ili atakayelinunua baada yangu asilazimike kubahatisha. Asubuhi hii mita ilisoma 447,300. Kazi inayofuata ni bushi za fito za ekseli ya nyuma, kisha hosi mbili za rejeta ambazo zimeanza kulainika. Rangi imeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya bonyeo la mlango wa nyuma, na bado kuna kurasa nyingi katikati.